Mwenye Mgongo

Siku hiyo mjinga alikuwa Luseno. Siku hizi anakubali mwenyewe, tena akicheka, ila wakati ule alijiona ndiye mtu pekee mwenye macho katika mtaa mzima wa Shauri Moyo.

Macho ndiyo yaliyomponza. Jumamosi moja alikuwa kwa Jackton, mwenye bucha pale soko la Burma, akingoja mbavu ziive, akaona ukurasa wa jarida umebandikwa ukutani juu ya mizani. Lilikuwa tangazo la mafuta ya kujipaka. Mgongo wa mwanamke, mtupu hadi kiunoni, unang'aa kama umetoka kupigwa vanishi. Uso haukuwapo. Matangazo ya namna hiyo huwa hayana haja na uso. Chini yake iliandikwa: Ngozi yako, ishirini tena.

"Huyu mtoto hata ishirini hajafika," Luseno akatangaza. Yeye ni fundi wa sofa, na alidai ngozi anaijua. Akausifu mgongo ule kutoka shingoni kwenda chini, bila haraka, mpaka wateja wakaacha kutafuna. Mwishowe akaapa kwamba mkewe, Nalianya, alimtolea ng'ombe wanne, lakini kwa mwenye mgongo ule angetoa sita, bila kuomba kupunguziwa hata mkia.

Walicheka. Jackton akamwambia basi asogee aukague vizuri mzigo wake. Luseno akasogea, na kicheko kikamkaukia mdomoni.

Chini ya bega la kushoto palikuwa na alama nyeusi, iliyopinda kama punje ya haragwe. Alama hiyo aliijua. Aliiona kila Nalianya alipoinamia beseni kuosha nywele.

Akaubandua ukurasa, akautia ndani ya koti, akaondoka. Mbavu alizila nani, mpaka leo hajui.

Nyumbani akaanza kupekua. Nyuma ya sanduku, chini ya kitanda, akakuta chupa ya mafuta yaleyale, imebaki nusu. Akauliza ni ya nani. Nalianya akasema ni ya mama, alimwachia alipokuja Agosti kutibiwa goti. Luseno akaguna. Mama mkwe wake ni mama wa kanisa kutoka Kimilili, mtu wa leso na kitambaa cha kichwa. Mafuta ya ishirini anayapeleka wapi?

Ndipo Agosti yenyewe ikaanza kumnukia vibaya. Kila Alhamisi mkewe alikuwa akiaga kwamba anampeleka mama kliniki, na jioni akirudi mchangamfu mno kwa mtu aliyeshinda kwenye foleni ya wagonjwa. Na yule dada yake, Celine, si ni msusi? Si anawasuka watu wa matangazo huko kwenye studio za picha?

Akauweka ukurasa mezani. Nalianya aliutazama, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtikisika. Luseno akajua machozi yamefika.

"Ni wewe au si wewe?"

"Si mimi."

"Basi mwenye alama hii ni nani?"

"Baba Imani, hilo haliwezi kutoka mdomoni mwangu. Mwite mama."

Luseno akaona sasa anakimbilia kwa mama yake. Sawa. Mama ataitwa, ukoo usikie jinsi binti yao anavyojianika majaridani, na jibu lisipomridhisha, Nalianya atarudi Kimilili na watu wake, kwa basi lilelile.

Walifika Jumapili, mama mkwe na kaka yake, mjomba Nyongesa. Nyumba ya Luseno ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na kwao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Kwa hiyo Luseno alitoka nje kwanza, mama akaingia akaketi upande wa kitanda, pazia likavutwa. Ilikuwa hivyo tangu harusi. Ungemwuliza Luseno mama mkwe wake anafananaje, angekutajia viatu.

Luseno alizungumza kama wakili. Aliinua ukurasa akamwonyesha mjomba mgongo, akamwonyesha kiuno, akagongagonga alama kwa kidole. Mjomba alitazama mara moja, akageukia dirishani na kuanza kukohoa. Kikohozi kilipotulia akauliza picha hiyo ilipatikana wapi.

Luseno alikuwa amejiandaa. Akamwita shahidi wake, Jackton, aliyengoja mlangoni. Ubaya wa Jackton ni kwamba hajui kusema nusu ya jambo. Alisimulia yote: mizani, mbavu, sifa za kiuno, na ng'ombe.

Nyuma ya pazia, kitanda kikalia kwii.

"Ng'ombe wangapi?" mjomba akauliza.

"Sita, mzee. Alisema hataki kupunguziwa hata mkia."

Luseno akadakia kwamba hayo yalikuwa maneno ya bucha tu, yasiletwe kwenye kikao cha watu wazima. Swali ni moja: mwenye mgongo atajwe hapa hapa, la sivyo Nalianya aanze kufunga nguo zake sasa hivi. Nalianya, aliyeketi kando ya pazia, alikuwa ameuma pindo la leso, macho yamemjaa maji.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya upole, kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Mwache mtoto wangu, mkwe; alama hiyo aliirithi kwangu. Kunja huo ukurasa, umeniweka uchi mbele ya kaka yangu vya kutosha. Na hao ng'ombe sita, mwenye mgongo anawangoja."