Anga la Kubandika

Mama aliyekuja kutazama nyumba hakutaka kuingia ndani.

Mseti, dalali, alikuwa ameshafungua milango na madirisha yote. Alisifu vyumba, akasifu kisima, akasifu na majirani. Mama yule alibaki uani na simu mkononi. Anaitazama picha ya tangazo, anainua macho juu ya paa, kisha anairudia picha. Mvua ilikuwa imetanda mji wa Mugumu tangu asubuhi, na juu ya bati hapakuwa na kitu ila wingu zito la rangi ya jivu.

"Picha hii kapiga nani?" akauliza.

Ndipo Mseti alipompigia simu Faridu, mpiga picha wake.

Faridu alifika upesi. Kosa lake alilijua. Siku alipoipiga picha nyumba hii, anga lilikuwa limenuna hivihivi, na nyumba chini yake ilionekana kama imefiwa. Dalali hauzi nyumba yenye sura ya msiba. Basi Faridu akafanya anachofanya kwa kila nyumba: kwenye kompyuta aliliondoa anga lile, akabandika jingine la bluu, lenye wingu moja jeupe, refu, lililochanika katikati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Mama alimtazama usoni, bila hasira. "Twende kwenye kompyuta yako."

Njiani Mseti hakunyamaza, kwa kuwa aliona mteja anamponyoka. Mama huyu, Winfrida jina lake, alikuwa ametoka Susuni, mbali kule Tarime, baada ya kuliona tangazo kwenye simu ya shemeji yake. Mtu hafungi safari ya namna hiyo bila nia ya kununua.

"Kwani kule Susuni huna nyumba, mama?"

"Ilikuwepo. Iliungua mwaka jana."

"Pole sana. Mlitoka salama?"

"Mimi nilitoka."

"Mungu ni mwema," alisema Mseti, akili yake ikiwa kwenye biashara. "Na vitu je?"

"Hakikubaki kitu. Hata kijiko. Hata picha yetu ya ukutani."

"Basi hii ina vyumba vitatu. Mtajinafasi."

Winfrida aliongeza mwendo. Faridu, aliyekuwa akitembea nyuma yao, alizidi kujilaumu. Mtu kaunguliwa, anahangaika kutafuta pa kujisitiri, na yeye kamvuta kutoka mbali kote huko kwa uongo wa rangi ya bluu.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, kina kitambaa chekundu ukutani na kigoda cha wanaopigwa picha za pasipoti. Mseti alibaki mlangoni akiongea na simu. Faridu aliwasha kompyuta, akaifungua picha ya nyumba, na kabla hajaulizwa akaanza kujitetea.

"Nisamehe, mama. Anga si la siku ile. Lakini nyumba ni ileile. Hata ufa wa ukuta wa jikoni nimeuacha uonekane."

"Nyumba sijaiuliza. Hili anga umelitoa wapi?"

"Kwenye picha zangu mwenyewe. Sikukuu huwa naenda kule bwawani Manchira kupiga watu picha. Wakishachukua zao nazifuta, maana kompyuta inajaa. Nikiona anga zuri, nalikata juu ya vichwa, nalitunza."

"Watu unawafuta."

"Nawafuta, mama." Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi bila kufikiri. Leo, alipolitamka, alilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

"Na hili ni la lini?"

"La Krismasi, nadhani."

"La Pasaka," alisema Winfrida. "Pasaka ya mwaka juzi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, halafu jua likatoka."

Faridu aliangalia tarehe ya faili. Ilikuwa Pasaka.  Alihisi anahojiwa na mtu ambaye majibu yote anayo tayari, na kwamba mwisho wa mahojiano haya ni kituo cha polisi.

"Mama, kama nyumba huitaki, niachie, nitaongea na Mseti tusikusumbue zaidi. Tangazo nalifuta leo hii."

"Usifute kitu." Aliuvuta mgongo wa kiti cha Faridu ili ampishe, kisha mwenyewe akavuta kigoda akakaa karibu kabisa na kioo. "Ondoa nyumba."

"Niondoe nyumba?"

"Iondoe. Libaki anga."

Haikuwa kazi ngumu. Kwenye kompyuta, nyumba na anga vilikuwa picha mbili, moja imelazwa juu ya nyingine. Faridu alibofya. Kuta zikatoweka, bati likatoweka, likabaki anga tupu na wingu lake lililochanika.

"Shuka chini," alisema Winfrida. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Shuka kabisa. Pale paa lilipokuwa linaficha."

Faridu akashuka, akakuza. Kwenye ukingo wa chini, mahali ambapo siku zote alipaziba kwa paa la nyumba ya mtu, palikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukitazama: vidole vinne vya mtoto, vimenyooshwa juu.

Faridu aliondoa mkono kwenye kipanya.

Winfrida aliligusa anga lile kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayepima kama uji umepoa.

"Huyo ni Happy wangu," alisema. "Mkono wake wa pili nimeushika mimi."