Anza Wewe

"Anza wewe," nilimwambia Elinami, nikamrudishia glasi.

Alishtuka. Tulikuwa majaji wawili mbele ya pipa lake, kwenye baa ndogo hapa Guangzhou, tumekuja kuipa alama bia aliyoiacha ikomae humo humo ndani ya pipa. Jaji mwenzangu, mama wa Kichina, alikuwa ameshamaliza yake na kumpa tisa kati ya kumi.

Mimi nilikuwa nimenusa tu. Ilinukia ndizi mbivu, na kwa mbali, dawa ya kuoshea mapipa.

"Hapa si Moshi, dada," alisema huku akicheka.

"Pombe ni pombe. Mwenyewe anaonja kwanza, mgeni ajue iko salama. Ina maana umesahau kwenu?"

Kicheko kikamwisha. Akainua glasi hadi mdomoni. Povu likampaka mdomo wa juu, lakini koromeo halikusogea hata kidogo. Akajifuta haraka kwa mkono wa shati.

Mama wa Kichina akanyoosha glasi yake, anataka aongezewe.

Elinami akaliziba bomba la pipa kwa viganja vyote viwili.