Mwavuli wa Njano

Mbwana alikuwa amechoka hata kutabasamu. Tangu asubuhi meli ya watalii ilipotia nanga, alikuwa ameinua mwavuli wa njano ili wageni wake wasimpoteze vichochoroni, na mkono ulishakufa ganzi. Lilibaki soko la samaki tu, kisha awarudishe bandarini.

Kwenye kona walikutana na jeneza. Lilibebwa na wanaume wanne, wameloa jasho, nyuma yao hakuna mtu.

"Nani huyu?" Mbwana aliuliza.

"Mzee Shaali, fundi viatu. Hana ndugu mjini," alijibu mmoja akihema. "Tupokee, bwana."

Jeneza halipitwi hivi hivi. Mbwana alitia bega la kulia. Mkono wa kushoto ukasahau kuushusha mwavuli.

Alipogeuka walikuwa wameshafika makaburini. Wageni wote walikuwa nyuma yake, wamevua kofia, wakidhani hapa ndipo walipokuwa wakipelekwa.

Mchimba kaburi aliegemea jembe lake. "Watu wote hawa ni wa Shaali?"

"Ni wake," alisema Mbwana.

Huko bandarini meli ilipiga honi. Mwavuli ulikuwa bado juu, na hakuna mgeni aliyeondoka.