Kitanda cha Mchanga

Seif alizima mashine ya boti, akamshika mkono baba mkwe wake, Mzee Bwanaheri, na kumshusha mchangani. Mama mkwe wake, Bi Somoe, akafuata. Kisiwa kile hakikuwa na nyumba wala taa, na nyota zilikuwa nyingi kama zamani, wakati yeye na mumewe walipokuja kuzitazama, ndoa yao ikiwa bado changa.

Safari aliiomba yeye. Tangu masika mumewe hakumtambua tena. Alimwita "mama", kama alivyomwita muuza maandazi. Bi Somoe alitaka kusikia jina lake kinywani mwa mumewe, japo mara moja.

Mzee Bwanaheri alitazama juu kwa muda, kisha akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa viganja. Alichimba mahali pa nyonga, mahali pa bega, akalundika mto wa kichwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimtengenezea mkewe kitanda siku zile. Bi Somoe akavua viatu, akainama ili alale.

"La, mama, samahani," mzee akamzuia. "Hapo pa mke wangu."

"Yuko wapi?" Bi Somoe akauliza.

"Somoe? Anakuja. Huyo akianza kuchagua kanga, utasubiri mpaka kuche."

Seif alicheka, kisha akamtazama mama mkwe wake.

"Basi tumsubiri," alisema Bi Somoe. "Lakini ukimsengenya hivyo atakusikia."

"Asikie tu! Anajijua."

Bi Somoe akaketi upande wa pili. Kati yao kitanda cha mchanga kilibaki kitupu, na juu yake kundi la nyota la Kilimia lilikuwa linapanda.