Kibendera Namba Saba

Mama alikuwa anafua kwenye ngazi za mlango wake, mikono imezama povuni, wageni wa meli walipojaa kichochoroni. Mbele yao kiongozi wao ameinua kibendera namba saba. Kiongozi huyo ni mwana wa mama, wa kumzaa mwenyewe.

Shikamoo hakutoa.

"Pigeni tu picha," aliwaambia kwa lugha yao. "Hana neno."

"Unamfahamu?" mgeni mmoja aliuliza.

"Hapana. Ni bibi tu wa mtaani."

Mama alielewa kila neno. Lugha ile aliijua kabla ya mwanawe. Aliiokota hotelini, akifua mashuka ya wageni miaka ishirini ili mtoto huyu huyu asome.

Akainuka. Akampokonya kibendera kwa mkono unaochuruzika povu, akakiinua juu, akashika njia ya sokoni, akiipa bandari kisogo.

Asubuhi wageni walikuwa wameambiwa jambo moja: popote kiendapo kibendera, fuata. Wakakifuata wote.

Huko bandarini honi ya meli ikalia.

"Mama!" mwanawe aliita, akihema nyuma ya kundi. "Mama, wataachwa!"

"Ehe," mama alijibu bila kugeuka. "Sema tena hilo neno la kwanza. Kwa lugha yao."