Uso wa Kupelekwa Ng'ambo

Krwaa, krwaa. Kisu kilikuwa kinaparua rangi iliyokauka, na kila kilipopita Mama alifumba macho kana kwamba kinapita shavuni mwake.

"Unanichuna, mwanangu."

"Nachuna picha, Mama. Wewe tulia."

Kwenye turubai hilo, miaka miwili nyuma, mchoraji alikuwa amemchora mama yake kwenye cherehani, kichwa nyuma, anacheka mpaka jino la mwisho. Kisha maradhi yakampooza upande wa kushoto wa uso. Sasa mdomo umekwenda upande, jicho linatoa machozi bila huzuni, na maneno yanachechemea.

Barua iliyomfikia mchoraji wiki hiyo ilikuwa na mistari mitatu. Maonyesho makubwa ya ng'ambo. Mmoja wa waandaaji alipita mtaani akaona kazi yake. Mteuzi wa picha angefika Jumatano. Nafasi kama hiyo haibishi hodi mara mbili, na turubai kubwa alikuwa nalo hilo moja tu.

"Kwani wamekwambia hawataki kicheko?" Mama aliuliza.

"Mpaka waniambie? Nimefungua vitabu vyao vya maonyesho, Mama. Sisi humo kazi yetu kulia. Njaa, vumbi, kilio. Kicheko chetu hawakijui."

"Nawe ukaona uwasaidie."

Aliweka kisu chini, akachovya brashi. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyejifundisha mwenyewe. Akachora mdomo uliopinda. Akachora lile jicho. Cherehani akaifuta, akaweka ukuta mtupu. Gauni la Mama akalichanachana kwa brashi.

"Hata gauni? Nimelishona kwa mkono wangu, we mwana!"

"Nisamehe, Mama."

"Basi usisahau na nzi. Wageni wako wasije wakadhani wamekosea nyumba."

Jumatano mteuzi alifika, mwanamke wa makamo kutoka huko huko ng'ambo, mkalimani nyuma yake. Alisogea mpaka mbele ya picha. Machozi yakamlengalenga. Mchoraji akajiambia: mambo yameiva.

Mteuzi akasema kitu kwa sauti ya chini. Mkalimani alikohoa kabla ya kutafsiri.

"Anasema kwao maghala yamejaa picha za kilio, na amechoka kuonyeshwa kilio. Amesafiri siku mbili kwa ajili ya yule mama anayecheka, ambaye mwenzake hakuacha kumsimulia. Ukuta wa mlangoni wamemwekea yeye. Anauliza yuko wapi."

Mchoraji alitazama maganda ya rangi aliyoyaparua, bado yako sakafuni.

Mama ndiye aliyejiinua kitini, akamwambia mkalimani amwombe mgeni arudi mwezi ujao. Kisha akaushika mkono wa mwanawe, rangi bado mbichi vidoleni.

"Shika brashi, baba. Kwa upande huu uliobaki, nakuahidi, nitacheka."