Benchi la Bernadine

Bernadine aliacha kufuta glasi, akaongeza sauti ya runinga. "Hebu nyamazeni. Klabu inatangaza."

Hatukunyamaza. Tangu ligi ya besiboli ifungwe kwa majira ya baridi, sisi mashabiki tulikuwa tukigombana pale baa kwake kuhusu pesa za timu: inunue mrushaji wa mpira au mpigaji wa gongo?

"Mrushaji, bwana," nilisema. "Huyu tuliye naye anarusha kama anamwagia kuku mtama."

"We mzee, hata wakileta malaika arushe, nani atapiga?" alifoka jirani yangu.

Kwenye runinga, mkuu wa klabu alitabasamu. Bajeti yote, alisema, imekwenda kwenye vyumba vya kifahari vya vioo na sofa, upande wa kushoto wa uwanja. Mabenchi ya mbao yaliyopo yatafunguliwa nati na kung'olewa Jumatatu.

Hapo ugomvi wetu ukaisha. Mabenchi yale ndiyo tunayokalia. Kwenye la Bernadine kuna kishimo cheusi, pale marehemu mumewe alipokuwa akizimia sigara kila tulipofungwa. Ni kirefu.

"Sofa," Bernadine alisema. "Tunyeshewe sisi miaka yote ile, halafu wao wanunue sofa."

Akavua kofia yake ya timu, akaigeuza ndani nje, akaivaa. Ndivyo tufanyavyo uwanjani kutafuta bahati, tukiwa nyuma na mchezo unakaribia kwisha. Tukageuza zetu pia, wa mrushaji na wa mpigaji.

Akachukua funguo za gari.

"Nani ana spana?"